Mlimani: Kabla ya Kuhesabu Ghorofa

Saa nane mchana, mwezi wa pili. Simama kwenye korido ya ghorofa ya pili ya mojawapo ya majengo ya mwanzo pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jua kali, shati limeshika mgongo tangu uliposhuka kwenye daladala. Lakini hapo koridoni upepo unapita. Unaingia kwenye matofali ya matundu upande huu, unavuka chumba kizima, unatokea kwenye luva za upande wa pili. Feni imezimwa na hakuna anayeiulizia.

Kisha nenda kwenye jengo la miaka ya karibuni, la chuo chochote hapa mjini, jina utajaza mwenyewe. Kioo kitupu upande wa barabarani, vigae vinang'aa sakafuni. Umeme ukikatika, mhadhara unasogea kidogo, halafu mtu wa karibu na mlango anaufungua na kuuzuia kwa kiti.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mji ni uleule, jua ni lilelile, na kati ya majengo hayo mawili kuna zaidi ya nusu karne ya maarifa ya ujenzi. Tena maarifa yenyewe yanafundishwa hapohapo mlimani.

Historia ya Mlimani tumezoea kuisimulia kisiasa: maandamano ya Oktoba 1966 na wanafunzi waliorudishwa makwao, Walter Rodney, mijadala ya usiku ndani ya ukumbi wa Nkrumah. Sawa. Mimi hapa naongelea madirisha na mabomba.

Wembamba wa makusudi

Mwanzo wa chuo, kule mtaa wa Lumumba, tunaujua. Oktoba 1961, jengo la TANU, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi kumi na kitu, shahada za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 wakahamia mlimani. Michoro ilikuwa ya Norman & Dawbarn, kampuni ya Uingereza iliyokwisha kuchora kampasi ya Mona kule Jamaika, kwa hiyo joto la pwani halikuwa geni kwao.

Angalia walivyoyaweka majengo. Mengi ni marefu na membamba, korido upande mmoja, vyumba upande mwingine. Ubavu mrefu unatazama kaskazini na kusini, ncha fupi ndizo zinazotazama mashariki na magharibi.

Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, siku za mwanzo za Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba huwa limeinamia kaskazini, miezi iliyobaki linahamia kusini, ila halifiki mbali. Juni, likiwa limeinama zaidi kaskazini, dirisha la urefu wa mita 1.5 linahitaji kivuli cha zege kinachotokeza ukutani kama sentimita 90 tu ili jua la saa sita lisiliguse. Upande wa kusini, Desemba, sentimita 45 zinatosha. Vivuli hivyo fundi wa kawaida anavimwaga pamoja na lenta, bila kifaa chochote cha ajabu.

Jua la asubuhi na la jioni halitibiki hivyo. Linakuja chini, linaingia moja kwa moja dirishani hata ukitoa kivuli cha mita 2. Dawa yake ni kutoweka dirisha kubwa upande huo.

Na upepo? Kaskazi inavuma kuanzia Novemba hivi hadi Machi, kusi inashika zamu kuanzia Aprili. Jengo lililolala mashariki-magharibi linazipokea zote mbili kwa ubavu.

Ukigeuza jengo hilohilo digrii 90 ili sura yake ipendeze ukiwa getini, umepoteza yote kwa mpigo mmoja.

Mhasibu ana hoja

Kuna mahali hesabu ya zamani inakwama, na ndipo nilipoanza kusitasita.

Korido inayohudumia vyumba vya upande mmoja ni ghali. Ukipanga vyumba pande zote mbili, korido ileile inahudumia vyumba mara mbili, paa linapungua, msingi unapungua. Kamati ya ujenzi ikiwekewa michoro miwili mezani, wa korido ya katikati unashinda kwa bei ya kila mita ya mraba. Ningekuwa mjumbe, labda hata mimi ningeunyooshea mkono.

Ila chumba hicho sasa kina ukuta wa nje mmoja tu. Upepo ukiingia hauna pa kutokea. Kanuni wanayotumia wasanifu ni kwamba chumba chenye matundu pande mbili hupata hewa hadi kina cha mara 5 ya urefu wa dari. Chenye tundu upande mmoja huishia mara 2 au 2 na nusu. Kwa dari ya mita 3, hiyo ni mita 15 dhidi ya mita 6 au 7. Darasa la watu 100 haliingii kwenye mita 6. Ongeza dirisha la aluminiamu la kusukuma, ambalo hata ukilifungua lote nusu yake inabaki kioo, wakati luva hufunguka karibu eneo lote.

Hapo kiyoyozi kinakuwa lazima. Mwili wa binadamu aliyekaa darasani hutoa joto la kama wati 100. Watu 100 ni kilowati 10, hujaweka jua, taa wala projekta. Ukifunga viyoyozi vya jumla ya BTU 60,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ambavyo kwa darasa hilo ni vya kubana, vitakula kama kilowati 6 za umeme. Saa nane kwa siku, siku tano, wiki 30 za masomo: uniti 7,200 kwa mwaka, darasa moja. Feni nane za darini za wati 75 zinakula wati 600, sehemu moja ya kumi.

Fedha iliyookolewa kwenye korido inalipwa upya kila mwezi. Ila inalipwa kutoka fungu jingine, na mtu mwingine, aliyekuja baada ya jengo kuzinduliwa.

Nisiwapambe sana wa mwanzo. Walichora kwa ajili ya wanafunzi wachache, serikali ikilipia karibu kila kitu, na ardhi ikiwa bwerere. Majengo yalitawanywa, na mteremko ule wa kutoka jengo la Utawala kwenda madarasa ya Yombo unapendeza kwenye picha kuliko kwa mtu mwenye vipindi viwili vinavyofuatana. Luva zinapitisha vumbi, mbu na kelele za bajaji. Maabara ya kompyuta haiwezi kuishi hivyo, na chumba cha seva ndiyo kabisa. Kwa idadi ya wanafunzi wa leo ni lazima kujenga kwenda juu.

Kwa hiyo sina ugomvi na ghorofa. Nasikitikia hesabu zilizoachwa.

Kilichomeguka

Kwa muda mrefu Mlimani ilipanuka kwa kumegwa. Kitivo cha tiba kilikuwa Muhimbili tangu awali. Sasa ni MUHAS, chuo kamili tangu 2007. Kilimo kilikwenda Morogoro na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Chuo cha Ardhi, jirani wa mlima uleule, ilikuja chini ya Mlimani mwaka 1996 ikaondoka 2007. Vyuo vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vikaongezwa 2005 ili kuzalisha walimu. Kila mmego ulipunguza mzigo, kisha udahili ukaujaza tena.

Kitanda kimoja, watu wawili

Aprili 2017 zilizinduliwa hosteli za Magufuli: majengo 20, kila moja watu 192, jumla vitanda 3,840, kwa shilingi bilioni 10. Ulikuwa msaada mkubwa kwa wazazi wa mikoani. Aliyewahi kutafuta chumba Msewe au Changanyikeni wiki ya kufungua chuo hahitaji kuelezwa.

Tuchukue idadi hiyo ya vitanda kama mfano tu wa hesabu. Vitanda huonekana, maji hayaonekani. Mkadirie mwanafunzi lita 80 kwa siku: kuoga mara mbili, kufua, choo cha kuvuta. Mara 3,840 unapata lita 307,200. Ukitaka akiba ya siku mbili, maana mgawo haupigi hodi, unahitaji lita 614,400. Hizo ni simtanki 62 za lita 10,000. Mlima huu una matanki makubwa ya mamlaka ya maji yanayopokea maji ya mtambo wa Ruvu Chini, lakini kukaa jirani na tanki hakukupi maji ghorofa ya nne. Hapo unahitaji pampu, tanki la juu, na umeme wa kuisukuma pampu.

Takriban asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama maji taka. Lita 245,000 kwa siku. Kwa boza la lita 10,000 ni safari 25, kila siku, Jumapili ikiwemo. Hakuna chuo kinachoweza kuishi kwa boza.

Mlimani ina mabwawa yake ya kutibu maji taka, na wahandisi wake wameyafanyia utafiti kwa miaka mingi, pamoja na vitalu vya matete vinavyosafisha maji yanayotoka bwawani. Ni teknolojia ninayoiheshimu kuliko mitambo mingi inayong'aa: haina injini. Bwawa lina kina cha mita 1 hadi 2, mwani unatoa oksijeni mchana, bakteria wanakula uchafu, tope linatulia chini. Ila lina kipimo chake. Mtu mmoja hutoa kama gramu 40 kwa siku za uchafu unaokula oksijeni. Kwenye joto la nyuzi 25, hekta moja ya bwawa la aina hii huweza kubeba kama kilo 350 kwa siku. Vitanda 3,840 vinatoa kilo 154. Hiyo ni karibu nusu hekta ya bwawa kwa ajili ya hosteli hizo peke yake, kabla hujagusa kumbi za zamani, maabara na mama lishe.

Sasa weka kubebana.

Kila aliyesoma Mlimani anajua kubebana: aliyepata kitanda anamlaza rafiki aliyekosa. Ni ubinadamu, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya mtoto wa mkulima kumaliza muhula boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa. Lakini kila kitanda kikibeba wawili, lita 307,200 zinakuwa zaidi ya 600,000, na nusu hekta inakaribia hekta moja. Kwenye orodha ya warden jina ni moja. Chemba inawapokea wawili.

Bwawa likizidiwa hujionyesha lenyewe. Likiwa kijani, lina afya. Likigeuka la waridi, limeanza kuelemewa. Likiwa la kijivu au jeusi, na harufu ya mayai viza inapanda jioni, mwani umekufa. Wengi hukimbilia kumwaga dawa. Dawa haisaidii, tope lililofika theluthi ya kina linatakiwa litolewe, na maji yaangaliwe kama hayajajitengenezea njia ya mkato kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, yakiacha sehemu kubwa ya bwawa bila kazi.

Mstari ulionyooka ukutani

Desemba 2017 picha za nyufa za hosteli hizo zilisambaa. TBA, wakala wa majengo wa serikali, ilieleza kuwa ni maungio ya kutanukia, yale mafundi wanayaita ekspansheni. Siasa iliyofuata niiache. Mwanafunzi ana haki ya kujua namna ya kuutazama ukuta anaoulalia.

Zege hutanuka. Kila mita huongezeka kama milimita 0.01 kwa kila nyuzi moja ya joto. Jengo la mita 50 likipata tofauti ya nyuzi 20 linatafuta milimita 10 za nafasi. Ndiyo maana jengo refu hukatwa, kwa kawaida kila mita 30 hadi 50, na kuachwa pengo la milimita 20 au 25 linalozibwa kwa mpira laini au kufunikwa bati maalumu. Fundi mwenye haraka akipiga plasta juu ya pengo hilo, plasta itapasuka mwaka wa kwanza, kwa mstari ulionyooka kuanzia juu hadi chini. Inatisha kwa macho, na ni uzembe wa umaliziaji, lakini jengo halianguki kwa hilo.

Unaostahili hofu ni ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au mlango, unaokata tofali lenyewe, na unaokua. Piga mstari wa penseli kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe. Rudi baada ya mwezi. Ukiwa umevuka penseli, muite mhandisi.

Mvua haisomi ramani

Mlima una pande. Upande mmoja maji hushukia Msewe na Mto Ubungo hadi Msimbazi, upande mwingine yanatafuta Mlalakuwa. Udongo ni wa kichanga: ukiwa na majani unanywa vizuri, ukivuliwa majani unatembea.

Eneo la maegesho la hekta moja likipigwa lami, mvua ya milimita 50, ambayo Aprili si ajabu kuiona kwa siku moja, inamwaga lita 500,000. Kabla ya lami sehemu kubwa ingezama chini. Sasa inatafuta njia, na mtaro wa zamani ulichimbwa kwa ajili ya nyasi, si kwa ajili ya lami. Maji yanaruka mtaro, yanafukua pembeni, korongo linaanza kama ufa wa kuingiza kiatu na baada ya masika mawili linameza nguzo ya taa. Wanaoishi bondeni ndio wanaopokea, na hawajawahi kuitwa kwenye kikao chochote cha mpango wa chuo.

Hekta iliyotengewa maegesho, kwa maoni yangu, ingepewa vimbweta. Kimbweta ndicho darasa la bei ndogo kuliko yote: meza ya zege, benchi, kivuli. Kijadiliwe kwenye bajeti kama darasa basi. Kiwekwe mashariki mwa mti, ili kivuli cha mchana na jioni kiangukie mezani. Soketi moja isiyoingia maji na intaneti inayofika vinatosha. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa Novemba 2018 inachukua watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja, na wiki ya mitihani utaona vimbweta bado vimejaa. Miti yenyewe ndiyo huwa ya kwanza kukatwa gari zikikosa pa kulala.

Ardhi iliyokwisha kutoka

Mlimani City, lile jengo la maduka, ilifunguliwa 2006 juu ya ardhi ya chuo, kwa mkataba wa miaka 50. Mjadala wa nani anafaidi kiasi gani umeshafika hadi bungeni. Nitaongeza moja tu. Watakaokaa mezani mkataba ukiisha leo wako shule ya msingi au hawajazaliwa, na kwa sasa eneo hilo halimo kwenye ramani ya kupanua chochote. Chuo kinachotaka kukodisha kipande kingine kianze kwa kuchora bomba kuu la maji taka la miaka 50 ijayo. Likipita hapo, hapakodishwi.

Lindi si Bukoba

Fedha za safari hii zipo. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo vya nchi nzima, umeipa Mlimani milioni 47.5, na sehemu yake inakwenda kwenye kampasi mpya Lindi na Kagera, pamoja na taasisi ya sayansi za bahari Zanzibar. Kwa mara ya kwanza tangu 1964, chuo kinaanza kwenye udongo mtupu.

Hofu yangu ni mchoro mmoja kupelekwa kote. Lindi inafanana na Dar: jua kali, upepo wa bahari, wembamba uleule utafanya kazi. Kagera ni nchi nyingine. Bukoba inapata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar, na usiku una baridi. Kule paa liwe na mteremko mkali na upenu mpana, korido ya wazi itapigwa na mvua ya upande, na luva zisizofungika vizuri zitamfanya mwanafunzi azibe kwa maboksi. Mabwawa nayo, kwa kuwa joto ni dogo, yanahitaji eneo kubwa zaidi kwa watu walewale.

Halafu kuna fungu ambalo halina utepe wa kukata. Wahandisi wa majengo hutenga asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya jengo kila mwaka kwa matengenezo: kuziba paa la zege kabla nondo hazijaota kutu, kubadilisha vali, kuzibua chemba, kupaka rangi. Kwa hosteli zile za shilingi bilioni 10 hiyo ni milioni 200 hadi 400 kwa mwaka. Gawa kwa vitanda 3,840: shilingi 52,000 hadi 104,000 kwa kitanda, kila mwaka, nje ya maji, umeme na mlinzi. Na hiyo ni kwa bei ya 2017. Hosteli zilezile zikijengwa leo, saruji na nondo zimepanda. Ada ya kitanda kule Lindi ikipangwa, namba hii iwe juu ya meza kabla ya nyingine zote. Kama mwanafunzi hawezi kuilipa, na wengi hawawezi, basi iandikwe kwenye bajeti ya serikali kwa jina lake, mwaka ambao jengo linakabidhiwa.